Chombo cha Kurekodia Hupimwa kwa Sikio, si kwa Sifa

Mwaka 1928 Siti binti Saad alipanda meli pamoja na wapiga ala wenzake kutoka Unguja kwenda Bombay, akaimba mbele ya maikrofoni ya kampuni ya Gramophone, na santuri zilizotokana na safari ile, zikiwa na alama ya His Master's Voice, zikarejea pwani yetu na kusikilizwa barazani, mikahawani na majumbani mwa watu ambao hawakupata kumwona mwimbaji uso kwa uso. Maarifa ya kunasa sauti kwa nguvu ya umeme yalikuwa machanga wakati huo, kwa kuwa ilikuwa mwaka 1925 tu ndipo makampuni makubwa ya Marekani na Uingereza yalipoanza kuiacha pembe ya kale, ambayo mwimbaji alilazimika kuisogelea na kuipazia sauti kwa nguvu zake zote. Leo kijana wa Mwanakwerekwe, wa Manzese au wa Kisauni hana haja ya kuvuka bahari, kwa maana mitambo iliyokuwa ikijaza chumba kizima sasa yaenea juu ya meza ndogo pamoja na kompyuta yake na kikombe chake cha chai. Neema hii ni kubwa, nami naifurahia kwa moyo wote. Lakini wingi wa vyombo umeleta wingi wa makosa katika kuvichagua, na makosa hayo, nionavyo mimi, yanaupunguzia muziki wetu utamu na heshima kuliko upungufu wowote wa fedha.

Aghalabu mtu akusudiaye kufungua studio huanza kwa kuuliza ni maikrofoni ipi iliyo bora, naye hujibiwa kwa jina la kampuni, au kwa jina la prodyuza mashuhuri anayeitumia, au kwa bei, kana kwamba bei ni shahidi asiyeweza kusema uongo. Swali hilo halina jibu mpaka litanguliwe na maswali mengine: ni sauti gani zitakazorekodiwa, katika chumba cha namna gani, na watu watazisikiliza kwa chombo gani? Fundi cherehani haulizwi kanzu iliyo bora kabla hajampima mvaaji wake. Mtu ambaye kazi yake itakuwa kurekodi mashairi ya vijana juu ya biti iliyokwisha tengenezwa katika kompyuta ana mahitaji yake. Na mtu atakayeingiza chumbani udi, ganuni, fidla nne, nai, dumbaki na waitikiaji sita ana mahitaji yaliyo mbali kabisa na ya yule wa kwanza. Ilhali ukiingia katika maduka ya vyombo vya muziki ya miji yetu utaona wote wawili wanauziwa sanduku moja lenye vitu vile vile, na wote wawili wanaondoka wameridhika, mpaka siku ya kazi.

Ubora wa chombo cha kurekodia, kwa insafu, ni uaminifu wake kwa kile kilichoimbwa mbele yake, na uaminifu huo hujulikana kwa kusikilizwa tu.

Maikrofoni yafaa itangulie katika mazungumzo haya, kwa sababu kosa litendekalo hapo halitibiki vema mbele ya safari. Zitumikazo sana ni za aina tatu. Ya dainamiki, ambayo ndani yake koili ndogo ya waya hutikisika katika nguvu ya sumaku, ni ngumu, hustahimili jasho na misukosuko, wala haitaabiki mbele ya ngoma yenye kishindo. Ya kondensa, ambayo utando wake ni mwembamba mno na ambayo huhitaji kulishwa umeme, kwa kawaida wa volti 48, kupitia waya ule ule uchukuao sauti, husikia mambo madogo madogo: pumzi ya mwimbaji, ukucha juu ya uzi, na pia bajaji ipitayo nje. Ya riboni, yenye ukanda wa alumini mwembamba kama si kitu, huzilainisha sauti kali za fidla na tarumbeta, ila ni dhaifu, na upepo wa kinywa ukiipiga kwa karibu huweza kuiharibu. Watu wengi wamekwisha zoea kuhesabu kwamba kondensa ni daraja ya juu na dainamiki ni daraja ya chini, na hukumu hiyo si ya haki. Maikrofoni ya Neumann U87, iliyotoka Ujerumani mwaka 1967 na ambayo bei yake leo huweza kununua vyombo vyote vya studio ndogo, imestahili sifa zake. Lakini Bruce Swedien, fundi mitambo wa albamu ya Thriller ya mwaka 1982, alipotaka kuirekodi sauti ya Michael Jackson alichukua Shure SM7, ambayo ni dainamiki na ambayo bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ile ya Kijerumani. Hakufanya hivyo kwa ufukara, maana studio aliyokuwa akifanyia kazi haikukosa kitu. Alisikiliza, akaona kwamba koo lile na chombo kile vinapatana.

Katika chumba chenye paa la bati, kando ya barabara, penye jirani mwenye jogoo na jirani mwenye mashine ya kuchomea vyuma, dainamiki iliyowekwa karibu na kinywa cha mwimbaji huweza kutoa kazi safi, ilhali kondensa ya gharama mara tatu yake ikaleta mwimbaji pamoja na mtaa mzima. Kwa upande mwingine, ganuni haiwezi kutendewa hivyo. Ganuni hulazwa mapajani au mezani, nyuzi zake hupita sabini, hupigwa kwa ncha zilizobanwa kwa pete katika vidole vya shahada, na daraja lake husimama juu ya ngozi; uzuri wake wote umo katika vimelemele vidogo vinavyoanguka mfululizo, na maikrofoni isiyo na usikivu huvichanganya vyote vikawa mchakacho.

Nimepata kukaa katika studio moja ya mjini, nikamtazama fundi kijana, mwenye bidii na adabu, akiielekeza kondensa yake mpya katika tundu la udi kwa umbali wa shubiri moja. Kilichosikika katika hedifoni kilikuwa ni ngurumo: nyuzi nene zikavuma, nyembamba zikapotea. Kijana akaanza kuitaabisha sauti ile kwa programu ya kompyuta, akapunguza hapa na kuongeza pale kwa kitambo kirefu, na kila alivyopunguza ngurumo, udi nao ulizidi kuwa mkavu. Mpigaji, mzee mtaratibu, akasema, “Mwanangu, niwie radhi,” akainuka, akaisogeza maikrofoni hata ikaelekea pale shingo ya udi inapokutana na tumbo lake, akairudisha nyuma kadiri ya dhiraa moja, akaketi, akapiga upya kipande kile kile. Udi ukawa udi. Mzee yule hakujua jina la maikrofoni wala hakuliuliza. Alijua tu ni wapi chombo chake husemea. Maikrofoni nyingi zinazosikia upande mmoja zaidi huzikuza sauti nzito kadiri zinavyokaribishwa, na katika tundu la udi sauti nzito zimekwisha jaa tayari, kwa hiyo mnunuzi na ajue si ubora wa chombo tu bali na tabia yake: kinasikiaje kwa karibu, kinasikiaje kwa mbali, na kinakataa nini pembeni na nyuma.

Lakini hata maikrofoni iliyochaguliwa kwa hekima yote hushindwa na chumba kibaya, na hapa ndipo ninapokuwa na neno la kusisitiza kuliko pengine pote. Vijana wetu hutumia fedha zao zote katika vyombo, kisha hukusanya trei za mayai na kuzigandisha ukutani, wakiamini kwamba wamekwisha tibu mwangwi. Trei ya mayai ni karatasi nyepesi. Hupunguza kidogo sana sauti za juu, haizuii kelele za nje hata chembe, sauti nzito huipita kama haipo, na moto ukitokea huwaka upesi. Sauti yenye mitetemo 100 kwa sekunde huwa na wimbi lenye urefu wa karibu mita tatu na nusu, na wimbi la urefu huo halistuki kwa kitu chenye unene wa vidole viwili. Kinachofaa ni kitu kinene chenye vinyweleo: pamba ya mawe ikipatikana, na isipopatikana, sufi au marobota ya nguo kuukuu, yaliyoshindiliwa kwa kiasi katika fremu za mbao zenye kina cha shubiri moja, yakafunikwa kwa kanga au kitambaa kingine kinachopitisha hewa, kisha yakasimamishwa katika pembe za chumba na pande zile ambazo sauti hugonga kwanza. Seremala wa mtaani aweza kuzitengeneza kwa siku chache, na gharama yake yote haifikii ya maikrofoni moja ya kati.

Wale walio katika nyumba za kale za Mji Mkongwe, Mombasa na Lamu wana jambo lao la pekee la kulizingatia. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, kwa unene wake, huzuia kelele za nje kwa namna ambayo matofali ya leo hayawezi. Hiyo ni tunu waliyoachiwa na wazee. Ila vyumba hivyo ni vyembamba na virefu, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na chumba chenye upana wa mita mbili na robo tatu hivi huvuma chenyewe kwa sauti ya mitetemo 60 na kitu kwa sekunde, ambayo huangukia katikati ya nyuzi za gitaa la besi. Mpigaji akiipiga noti hiyo, chumba humwitikia kwa nguvu. Akipiga nyingine, chumba hunyamaza. Fundi asiyejua chanzo cha jambo hilo hulaumu gitaa, hulaumu spika, hulaumu maikrofoni, akauza, akanunua, akauza tena, na ukuta ukabaki pale pale ulipojengwa.

Baada ya chumba huja umeme na hewa, navyo nitavitaja kwa ufupi. Umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, na waya wa ethi ukikosekana au ukiunganishwa ovyo, mvumo wa mitetemo 50 na wa 100 huingia katika kila wimbo. Fundi umeme mwaminifu, stabilaiza nzuri na betri ya akiba ni sehemu ya vyombo vya muziki, si nyongeza. Hewa ya pwani nayo ina chumvi na unyevu, na utando wa kondensa ukipata unyevu huanza kutatarika na kupoteza sauti, kwa hiyo maikrofoni isilale juu ya stendi yake usiku kucha bali irudishwe katika kisanduku kinachofungika, pamoja na vifuko vya chembe zinyonyazo maji.

Yako pia mashindano ya tarakimu ambayo wauzaji huyapenda sana. Saundi kadi moja husifiwa kwamba huchukua sampuli 192,000 kwa sekunde, na nyingine hudharauliwa kwa kuchukua 48,000 tu. Sikio la mwanadamu, tena la kijana mwenye afya, hukoma kusikia karibu na mitetemo 20,000 kwa sekunde, na sampuli 44,100, ambazo ndizo zilizowekwa kuwa kaida ya diski za CD zilipotoka mwaka 1982, zatosha kuuchukua upeo huo wote. Bora zaidi ni kutazama kina cha biti: 24 badala ya 16, kwa kuwa humpa fundi nafasi ya kurekodi bila hofu ya kupasuka kwa sauti. Ghairi ya hayo, kinachotenganisha saundi kadi nzuri na mbaya ni utulivu wake pale sauti ndogo inapokuzwa, na jambo hilo halionekani katika tarakimu kubwa iliyochapwa juu ya boksi.

Kuhusu spika za studio, naomba mnunuzi aachane na ile tamaa ya kupendezwa. Spika ya sebuleni imetengenezwa ili kumfurahisha mwenye nyumba. Spika ya studio kazi yake ni kumwambia fundi kweli, hata kweli chungu. Yamaha NS10, iliyotoka mwaka 1978 kwa ajili ya majumba, haikupata sifa kubwa kwa wasikilizaji wa nyumbani, lakini ikaenea katika studio za dunia kwa sababu ilianika ila za mchanganyo wa sauti bila huruma, hata ilipoacha kutengenezwa mwaka 2001 mafundi waliendelea kuzitafuta zilizokwisha tumika. Kwetu sisi, ambako wimbo husikilizwa kwa simu ya mkononi, kwa spika ya daladala na kwa redio ya jikoni, fundi asiyeujaribu mchanganyo wake katika vyombo hivyo hajamaliza kazi, hata akiwa na spika za thamani gani.

Basi chombo kijaribiwe vipi? Mtego wa kwanza ni ukubwa wa sauti. Sikio hukipendelea kile kinachosikika kwa nguvu zaidi, hata tofauti ikiwa ndogo kiasi cha desibeli moja ambayo mtu haitambui kuwa ni nguvu, bali huidhania kuwa ni uzuri; watafiti Fletcher na Munson walikwisha onyesha mwaka 1933 kwamba sauti nzito na sauti nyembamba hutupungukia masikioni kila sauti yote inapopunguzwa. Muuzaji akitaka kuuza maikrofoni fulani hana haja ya kusema uongo. Huiongezea nguvu kidogo tu. Kwa hiyo maikrofoni mbili zinazoshindanishwa na zisimamishwe ubavu kwa ubavu, kwa umbali mmoja kutoka kwa mpigaji mmoja, zirekodi pigo lile lile kwa wakati mmoja, kisha sauti zake zisawazishwe kwa kipimo kabla ya kusikilizwa, na msikilizaji asiambiwe ipi ni ipi. Mwimbaji azunguke maikrofoni akisema maneno yale yale, mbele, ubavuni na nyuma, ili ijulikane inavyosikia pembeni. Halafu watu wote wanyamaze, na ukimya wa chumba urekodiwe kwa dakika nzima, ukuzwe, usikilizwe: hapo chombo husema siri zake zote, mchemko wake, mvumo wa umeme na feni ya kompyuta. Mnunuzi achukue na chombo chake mwenyewe, iwe ni zeze, marimba, gitaa au koo lake, asikubali kujaribiwa kwa kusema “moja, mbili, moja, mbili.” Duka linalokataa jaribio la namna hiyo kwa mtu aliyekuja na fedha taslimu halifai kupewa fedha hizo.

Jaribio hilo lina faida nyingine, maana sokoni zimejaa bandia. Shure SM58, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966 na ambayo haikosekani jukwaani popote, ni katika zinazoigwa sana, na za bandia huwa na maandishi safi, kisanduku safi na hata mfuko. Ya halali ina uzito wa gramu 298; mizani ya jikoni yaweza kumwokoa mtu, lakini sikio humwokoa zaidi, kwa sababu mwenye kuiga hujua kunakili umbo, na sauti humshinda.

Sisemi haya kwa kuwakatisha tamaa walio na kidogo. Bendi zetu kubwa za miaka ya 1960 na 1970, Nuta Jazz na Morogoro Jazz zikiwamo, zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam zikiwa na wapigaji wote chumbani pamoja, kwa maikrofoni ambazo leo prodyuza mchanga angeziona haba, na kazi zile zingali zinasikilizwa na vijukuu vya waliozicheza. Mafundi wale walijua chumba chao, walijua kila chombo chao kinasikia nini, na walijua mpigaji wa tarumbeta asimame wapi na mwimbaji asimame wapi. Ujuzi huo hauuzwi dukani, wala haukuhitaji mtambo mpya kila mwaka.

Neno langu la mwisho ni kwa wenye kutoa fedha. Halmashauri za Tanzania Bara zimeamriwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, nne ya vijana, nne ya wanawake na mbili ya watu wenye ulemavu, na uko pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaowakopesha wasanii. Nawasihi maofisa wanaozipokea barua za vijana wataka studio wasitosheke na ankara yenye majina makubwa ya vyombo. Wamuulize mwombaji atarekodi muziki gani. Wakitazame chumba chake kabla ya kuitazama orodha ya bei. Wamruhusu kutumia sehemu ya mkopo kwa seremala na fundi umeme, badala ya kumlazimisha aulete wote katika umbo la mitambo yenye namba za usajili. Na kabla ya malipo kufanywa, wamtake alete kazi aliyoirekodi kwa vyombo vile vile anavyotaka kuvinunua, waisikilize wakiwa pamoja na mwanamuziki mmoja mwenye uzoefu. Utaratibu huu unaweza kuanza katika mwaka huu wa fedha, bila sheria mpya.